Mguu, Ulimi na Breki

Katika maneno yote ambayo mtu huweza kuyasema baada ya msiba wa motokaa, hapana neno jepesi kutamkwa na zito kuthibitishwa kama hili: "Nilikanyaga breki." Mwenye kulisema aghalabu angali akitetemeka. Gari lake limo ukutani, au mtaroni, au juu ya gari la mwenzake. Watu wamekusanyika. Yeye husema kuwa gari lilikuwa limesimama, au lilikuwa likienda polepole kama magari mengine, mara likanguruma na kuruka mbele kama mnyama aliyechomwa mkuki. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, wala gari halikumtii. Wasikilizaji hugawanyika papo hapo. Wengine humwamini kwa sababu ya jasho lililo usoni mwake. Wengine hutazamana na kukohoa.

Msiba huu si ule wa mlevi wala wa kijana apendaye kuonyesha mbio zake. Ni wa watu watulivu, wazee wengi miongoni mwao, na mara nyingi hutokea mahali pa kuegesha, mlangoni pa duka au uani mwa nyumba. Fumbo lake ni hili: ili gari lifanye kama dereva asemavyo, vitu viwili visivyotegemeana lazima viharibike kwa dakika moja. Injini ijitie nguvu yenyewe, na breki ikatae kazi. Kisha fundi ajapo kulipima gari, breki huikuta nzima. Mtu mwenye akili za kawaida husema hilo haliwezekani. Na kwa kuwa haliwezekani, dereva ni mwongo. Hukumu hii ya pili ndiyo inayostahili kutiliwa shaka.

Kiswahili cha magazeti kimekwisha kuamua shauri hili zamani, tena bila ya kuita mashahidi. Husomwa mara kwa mara kwamba gari "liliacha njia", kwamba "lilimshinda dereva", kwamba "lilifeli breki". Katika sentensi hizo gari ndilo kiima; dereva ameketi pembeni kama abiria. Kiswahili cha barabarani kina ujanja zaidi. Humo kitenzi ni kimoja kwa mambo mawili yanayopingana: dereva hukanyaga breki, na dereva huyo huyo hukanyaga mafuta. Na kondakta apigapo kelele "Kanyaga!" pasipo kutaja kitu cha kukanyagwa, hapana dereva atakayesimama. Kitenzi kikiachwa peke yake huelekea kwenye mafuta. Haidhaniwi kuwa waliotunga matumizi hayo walikusudia falsafa yoyote, walakini waligusa jambo ambalo wataalamu wa nchi za mbali walilihangaikia kwa miaka mingi.

Mwezi wa Juni mwaka 2006, katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota huko Marekani, mhamiaji mmoja aliyetoka Asia alikuwa akirudi nyumbani na jamaa zake katika Toyota Camry ya mwaka 1996. Alipotoka katika barabara kuu na kuingia njia ya kupanda inayotoka humo, gari liliongeza mwendo badala ya kupunguza, likaligonga kwa nyuma gari jingine lililokuwa mbele. Baba mmoja na mwanawe wakafa. Mtoto wa tatu aliumia vibaya, naye akafa baadaye. Dereva alisema tangu siku ya kwanza kuwa alikanyaga breki. Hakuwa amelewa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Mwaka 2007 alishtakiwa kwa kuua kwa uzembe wa kuendesha, akahukumiwa kifungo cha miaka 8.

Kuna jambo moja katika kesi hiyo ambalo msomaji hulipita kwa taabu. Wakili wake mwenyewe, yule aliyesimama kumtetea, aliwaambia walioketi kuamua kesi kwamba huenda mteja wake alikanyaga pedali ya mafuta kwa kukosea. Wakili alidhani anamsaidia. Kosa ni afadhali kuliko kusudi. Lakini hebu ifikiriwe hali ya mtu yule, mgeni wa nchi na wa lugha, akisikia kwamba hata ulimi uliokodiwa kumsemea haumwamini. Mshitaki asema uliukanyaga mwendo. Mtetezi asema labda kweli uliukanyaga. Na wewe peke yako, pamoja na mguu wako, mwasema sivyo.

Kwa nini wakili alisema hivyo? Kwa sababu mwaka 2007 hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya watu waliosoma, na elimu hiyo ilikuwa na asili yake.

Tarehe 23 Novemba 1986 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha katika kipindi chake cha 60 Minutes habari za magari ya Audi 5000. Waendeshaji walieleza jinsi magari hayo yalivyoruka yenyewe mara tu gia ilipotolewa mahali pa kuegesha. Miongoni mwao alikuwako mama ambaye gari lake lilimuua mtoto wake mwenyewe. Mama huyo alisema mguu wake ulikuwa juu ya breki. Ni nani angethubutu kumjibu? Kipindi kilionyesha pia gari ambalo pedali yake ya mafuta ilishuka yenyewe bila ya mguu. Na baadaye ikajulikana kuwa sanduku la gia la gari lile lilikuwa limetobolewa, na hewa iliyoshindiliwa ikapulizwa ndani yake ili pedali ishuke. Watazamaji hawakuambiwa. Audi iliyouza magari 74,061 katika Marekani mwaka 1985 iliuza 12,283 tu mwaka 1991. Jina jema la kampuni liliangushwa na kiini macho, ijapokuwa machozi ya mama yalikuwa ya kweli. Mambo hayo mawili yaliweza kukaa pamoja katika kipindi kimoja, na hilo ni la kukumbukwa na kila mwenye kazi ya kusimulia.

Serikali ya Marekani ilifanya uchunguzi wake, na ripoti yake ikatoka mwaka 1989. Kanada na Japani zilichunguza kwa upande wao. Zote zilifika karibu mahali pamoja: pale ambapo gari halikuonyesha dosari, maelezo yaliyo na nguvu ni kwamba dereva alikanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Ripoti ya Marekani haikulisafisha gari kabisa. Ilitaja kuwa mpangilio wa pedali ungeweza kuukosesha mguu, na kuwa chombo cha kurekebisha mwendo wa injini iliyosimama kiliweza kuipandisha injini kidogo kwa ghafla, kiasi cha kumshtua mtu. Yaani gari lilimshtua dereva, na dereva aliyeshtuka akamaliza kazi.

Hapa inafaa kuufikiria mguu wenyewe, maana ndio mshitakiwa. Mguu wa kulia wa dereva wa otomatiki hutumikia mabwana wawili. Mmoja humwambia nenda, wa pili humwambia simama. Nao wamekaa bega kwa bega chini gizani, hawatazamwi. Jicho lina kazi yake barabarani. Mguu huenda kwa mazoea, kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya taa ya chumba cha kulala. Richard Schmidt, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya mwendo wa viungo, alieleza mwaka 1989 kuwa kosa hili si la kuchagua pedali isiyofaa. Dereva huchagua breki. Amri inayotoka kichwani ni ya breki, safi kabisa. Kinachopotea njiani ni shabaha: misuli haipigi mahali pale pale kila siku, na mtu aliyegeuka kitini kutazama nyuma, au aliyeketi upande, hupeleka mguu penye kosa la vidole viwili vitatu. Gari hufyatuka. Dereva hushtuka. Na kwa kuwa anajua kuwa mguu wake u juu ya breki, anafanya lile ambalo kila mwenye akili angelifanya: anakandamiza zaidi. Dawa yake imekuwa sumu yake, naye ainywa kwa mikono miwili. Kutoka hapo mpaka ukutani ni sekunde chache, wala hofu haimpi mtu nafasi ya kuinama atazame kiatu chake kiko wapi.

Basi akiulizwa baadaye hujibu kwa yale anayoyakumbuka, na anachokumbuka ni amri. Kumbukumbu haikuandika mahali mguu ulipotua. Iliandika mahali ulipotumwa. Ulimi unasimulia barua iliyotumwa, na aliyeipokea ni mwingine. Mwalimu anayewafokea watu wa nyumbani kwa sababu ya miwani iliyo juu ya kipaji chake hasemi uongo asemapo ameiacha mezani. Anaiona kabisa, iko mezani, karibu na kalamu. Tofauti ni kwamba miwani haiui.

Elimu hii ni nzuri, lakini ilipokwisha kukubaliwa ilifanya kama zifanyavyo elimu nyingi nzuri: ikageuka uvivu. Kila aliyesema "nilikanyaga breki" aliwekwa katika kapu moja, na aliyejitetea sana alizidi kuonekana kuwa amekosea. Shauri likawa limefungwa kabla ya kufunguliwa. Ndiyo hali iliyomkuta yule mtu wa Saint Paul.

Kilichoupasua ukuta huo ni msiba wa tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, California. Gari lilikuwa Lexus la kuazimwa kwa muuzaji. Aliyeliendesha alikuwa polisi wa barabara kuu, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha kwa kasi na kwa utulivu. Naye alikuwa na jamaa zake watatu. Mmoja wao alipiga simu kwa watu wa msaada, akaeleza kuwa gari halisimami na breki hazifanyi kazi. Wote wanne walikufa. Ilionekana kuwa miguuni pa dereva palitandikwa kapeti la mpira la gari la namna nyingine, refu kuliko ilivyopasa, nalo liliibana pedali ya mafuta chini. Breki zilikutwa zimeungua kwa kukanyagwa. Hapa breki ilikanyagwa kweli, na gari halikusimama.

Wasiojua gari watauliza, inakuwaje breki nzima ishindwe? Mguu wa binadamu peke yake ni dhaifu. Katika magari mengi ya petroli husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka katika injini. Injini inapofunguliwa mafuta yote mvuto huo hupotea. Akiba iliyobaki yatosha kwa kukanyaga mara moja au mbili. Dereva akikanyaga, akaachia, akakanyaga tena, kama hofu inavyomfundisha, akiba huisha na pedali huwa ngumu kama jiwe. Ndiyo sababu waalimu wa udereva husema ikanyagwe mara moja kwa nguvu na isiachiwe, na gia itupwe kwenye N, injini inyimwe magurudumu. Katika Lexus lile injini ilizimwa kwa kitufe, na kitufe kilitaka kubonyezwa sekunde tatu mfululizo wakati gari linakwenda. Sekunde tatu si kitu kwa mtu aliyeketi mezani akichora kitufe. Na kapeti hilo lisidhaniwe kuwa ni mkasa wa Marekani tu: katika foleni za Dar es Salaam makapeti huuzwa dirishani, na wengi hulitandika jipya juu ya lililokuja na gari kutoka Japani.

Toyota iliyarudisha magari kwa mamilioni, mengine kwa ajili ya makapeti, mengine kwa ajili ya pedali zilizonata. Mwezi Februari 2010 Akio Toyoda, mkuu wa kampuni, alikwenda Washington kuomba radhi mbele ya Bunge. Wataalamu wa NASA walipewa kazi ya kuchunguza kama vyombo vya umeme vya magari hayo ndivyo vyenye lawama. Februari 2011 ikatangazwa kuwa hawakuona dosari ya umeme iwezayo kuleta mwendo wa namna ile. Lakini Oktoba 2013, mahakamani Oklahoma, baraza la raia lililoelezwa yaliyomo katika programu ya kompyuta ya Camry ya mwaka 2005 liliona kuwa gari ndilo lenye makosa. Na Machi 2014 kampuni ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wanunuzi juu ya usalama wa magari yake. Kwa hiyo mwenye kusema kuwa mashine haisemi uongo na akumbuke kuwa mashine ina wenyewe, na wenyewe wana ndimi.

Upande wa pili wa mizani uko Tokyo. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro, mzee wa miaka 87 aliyewahi kuwa mtumishi mkubwa wa serikali aliendesha Prius yake kwa mbio kupita taa nyekundu. Mama wa miaka 31 na binti yake wa miaka 3, waliokuwa juu ya baiskeli, walikufa. Mzee alisema gari liliharibika. Alisema alikanyaga breki. Lakini magari ya siku hizi yana kisanduku kinachoandika sekunde za mwisho kabla ya kugonga, na kisanduku kilisema mafuta yalikanyagwa. Mwaka 2021 mahakama ilimpa kifungo cha miaka 5. Hakukata rufani, na mwaka 2024 alifariki angali mfungwa. Mwaka huo huo, tarehe 1 Julai, gari liliua watu 9 karibu na jumba la baraza la mji wa Seoul, na dereva wake naye akasema breki ilikataa. Wachunguzi walikuta alama juu ya soli ya kiatu chake cha kulia. Ilikuwa alama ya pedali ya mafuta.

Wajapani wengi walimchukia yule mzee, si kwa ajali yake tu, bali kwa kuendelea kukana. Walimwita mwongo. Chuki hiyo inaeleweka. Aliyefiwa na mke na mtoto ana haki ya kusikia neno moja la kukiri. Hata hivyo mwongo ni yule aliyeuona ukweli akaufunika. Mzee huyu pengine hakuwa na ukweli wa kufunika. Alikuwa na kumbukumbu ya amri yake, naye aliishika kama mtu anayeshikilia ubao baharini, maana akiuachia, yeye ndiye aliyemuua mtoto wa miaka mitatu. Kiswahili kina neno "uongo" na kina neno "kosa", lakini hakina neno moja la mtu asemaye kwa moyo safi jambo lisilokuwa. Mahakama nazo zinapungukiwa nalo.

Waliofanya la maana zaidi katika habari hizi ni watu ambao hawakumwamini dereva wala hawakumkana. Wakati ule ule televisheni ilipokuwa ikimwaga machozi, mafundi wa Audi walitia katika magari yao kufuli ndogo: gia haitoki mahali pa kuegesha mpaka breki iwe imekanyagwa. Aliyekanyaga mafuta akidhani ni breki huikuta gia imegoma, hutazama chini, huona aibu kidogo, huendelea na safari yake. Visa vya Audi vilipungua. Marekani iliifanya kufuli hiyo kuwa sheria kwa magari ya otomatiki yaliyotengenezwa tangu Septemba 2010, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Japani nayo, yenye wazee wengi, imeamua kuwa magari mapya ya otomatiki kuanzia Septemba 2028 yawe na chombo cha kuzuia gari lisifyatuke iwapo mafuta yamekanyagwa kwa kishindo mbele ya kizuizi. Kufuli haiulizi nani asema kweli. Inachukulia kuwa mguu utakosea, kama vile mjenzi wa ngazi anavyochukulia kuwa siku moja mtu atateleza, akatia mkono wa kushikia.

Lakini kufuli haikumfaa yule wa Saint Paul, ambaye gari lake lilikuwa likienda. Habari za Toyota zilipoenea mwaka 2010, watu walianza kuisoma upya kesi yake. Gari lake halikuwa miongoni mwa yaliyorudishwa. Lilikuwa la zamani, lenye waya wa chuma badala ya kompyuta. Hata hivyo wenye magari ya namna ile walijitokeza kusema kuwa nao yaliwahi kuwakimbiza. Jamaa za marehemu, ambao wangekuwa na haki ya kumlaani, walisimama upande wake. Agosti 2010 hakimu aliamuru kesi isikilizwe upya, mshitaki akaona haina haja, na mtu yule akatoka gerezani baada ya zaidi ya miaka miwili.

Mwaka 2015 baraza la raia mjini Minneapolis lilisikiliza madai yake na ya waliofiwa dhidi ya kampuni. Waliambiwa kuwa kapi lililomo katika mtambo wa mafuta liliweza kukwama kwa joto. Kampuni ilikana, ikasema mguu ndio uliokosea. Walikaa siku kadhaa kushauriana. Waliporudi waliagiza kampuni ilipe zaidi ya dola milioni 10, wakagawa lawama kwa hesabu: sehemu 60 katika mia ni ya gari, na sehemu 40 ni ya dereva, ambaye kwa miaka tisa hakuacha kusema kuwa alikanyaga breki.